Kioo cha Kompyuta: Tukichague kwa Herufi, Si kwa Inchi



Mwezi huu tumeona ukurasa wetu tuutumie kwa jambo ambalo kwa nje laonekana ni la dukani, lakini kwa ndani ni la darasani. Nalo ni namna ya kuchagua na kununua kioo bapa cha kompyuta, kile ambacho vijana wetu wanakiita monita au skrini.

Sababu ya kulizungumza ni hii. Katika nyumba nyingi za jamaa zetu hapa Uingereza, kompyuta imekuwa ubao, daftari na chuo kwa pamoja. Mtoto arudipo skuli hufanya humo kazi alizopewa na walimu wake. Jioni hukaa kumsikiliza mwalimu wa Qur'ani, ambaye pengine yuko Unguja, Mombasa au Maskati. Hata hivyo, katika nyumba hizo hizo utamkuta mtoto ameinamia simu, pua yake ikikaribia kuigusa, akijaribu kutambua kama alama iliyo chini ya herufi ni kasra au ni nukta ya herufi yenyewe. Akikosea, huambiwa kuwa hakudurusu. Sisi tuliosomesha kwa miaka mingi twasema kwamba kabla ya kumlaumu mwanafunzi, yafaa kukitazama kwanza kile anachosomea.

INCHI NA NUKTA

Neno la kwanza atakalolitamka mwuzaji ni inchi. Inchi za kioo hupimwa kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe, wala si kwa upana. Kioo cha inchi 24 chenye umbo la siku hizi kina upana wa takriban sentimita 53 na kimo cha sentimita 30, bila ya kuhesabu fremu na mguu wake. Cha inchi 27 kina upana wa takriban sentimita 60 na kimo cha sentimita 34. Basi kabla ya kutoka nyumbani, tuchukue futikamba tuipime meza, kwani wapo waliorudi na kioo kizuri kisha wakakosa pa kukiweka.

Lakini inchi hutuambia ukubwa peke yake, na ukubwa si usomekaji. Picha yote tunayoiona kwenye kioo imefumwa kwa nukta ndogo ndogo za mwanga. Mfano wake ni mkeka. Mkeka uliosukwa kwa ukindu uliochanwa mwembamba huweza kubeba nakshi na hata maandishi. Ule wa chane pana hauwezi, ujapokuwa mkubwa wa kujaza ukumbi. Kwa hiyo swali la pili, ambalo wengi wetu hatuliulizi, ni hili: kioo hiki kina nukta ngapi?

Jibu limeandikwa kwenye sanduku kwa tarakimu mbili: nukta za upana, kisha nukta za kimo. Vipimo vinavyopatikana zaidi ni 1920 kwa 1080, 2560 kwa 1440, na 3840 kwa 2160. Tukizigawanya nukta za upana kwa sentimita za upana, tunapata kipimo ambacho kila mzazi aweza kukitumia, yaani nukta zilizomo katika kila sentimita moja.

Tufanye hesabu hiyo pamoja. Kioo cha inchi 24 chenye 1920 kwa 1080 kina nukta 36 kwa sentimita. Kioo cha inchi 27 chenye tarakimu hizo hizo kina nukta 32 tu. Ni kikubwa zaidi, lakini maandishi yake yamepungua ukali. Kioo cha inchi 27 chenye 2560 kwa 1440 kina nukta 43. Na chenye 3840 kwa 2160, kwa ukubwa huo huo, kina nukta 64, na herufi zake hukaribia zile za kitabu kilichopigwa chapa vizuri.

Sasa tuitazame televisheni. Baadhi ya jamaa, kwa kutaka kuokoa fedha, hununua televisheni ndogo ya inchi 32 wakaiunga na kompyuta ili watoto wasomee. Televisheni nyingi za kipimo hicho zina nukta 1366 kwa 768, na upana wake ni kama sentimita 71. Hapo tunapata nukta 19 kwa sentimita, karibu nusu ya zile za kioo cha inchi 24. Yatosha kwa taarifa ya habari na mpira, kwani mtu huitazama akiwa kwenye kochi upande wa pili wa chumba. Haitoshi kwa mtoto aliyekaa mbele yake akisoma herufi zenye irabu. Na simu? Simu ina nukta 100 kwa sentimita au zaidi, na kwa hivyo ni kali sana, ila ukurasa mzima umebanwa katika upana wa kiganja. Televisheni ina ukubwa bila ya ukali, na simu ina ukali bila ya ukubwa. Kioo cha kompyuta kilichochaguliwa vyema huyaunganisha yote mawili.

MTIHANI WA MSAHAFU

Kuna mtihani mmoja ambao twaupendekeza kwa kila aila. Mnapokwenda dukani, mwombeni mwuzaji afungue kwenye kioo ukurasa wa msahafu wenye irabu kamili, uonekane wote kwa mara moja. Kaeni umbali wa mkono ulionyooshwa. Kisha mwambieni mtoto asome, nanyi mtazame mambo matatu. Je, anaitofautisha ta yenye nukta mbili na tha yenye nukta tatu bila ya kusogeza kichwa? Je, anaiona kasra chini ya herufi ikiwa mbali na nukta ya ba? Je, shadda na fat-ha zilizopandana zinaonekana kuwa alama mbili, au zimekuwa doa moja? Kioo kikifaulu hapo, kitafaulu katika Kiingereza, hesabu na ramani, kwani hakuna maandishi ya kawaida yenye alama ndogo kuliko hizo.

Wazee wetu ambao macho yao yameanza kuchoka hudhani dawa yao ni kupunguza idadi ya nukta katika mipangilio ya kompyuta ili herufi ziwe kubwa. Herufi hukua, ni kweli, lakini huingiwa na ukungu, maana kila kioo kina idadi yake ya asili na hakisomeki vyema kwa idadi nyingine. Njia iliyo sawa ni kuiacha idadi ya asili kama ilivyo, kisha kwenye mipangilio ya maonyesho kuongeza ukubwa wa maandishi hadi asilimia 125 au 150. Kijana yeyote wa nyumbani ataifanya kazi hiyo kwa dakika mbili. Hapo herufi huwa kubwa na kali kwa pamoja.

KILICHOMO NDANI YA KIOO

Vioo hivi bapa asili yake ni ugunduzi wa mtaalamu wa mimea aitwaye Friedrich Reinitzer, ambaye mwaka 1888 mjini Prague aligundua kitu kilicho baina ya majimaji na fuwele. Ilichukua miaka 80 hadi George Heilmeier na wenziwe wa kampuni ya RCA ya Marekani walipoonyesha hadharani, mwaka 1968, vioo vilivyotumia majimaji ya namna hiyo. Nyuma ya kioo kuna taa, na mbele yake majimaji hayo hufungua na kufunga njia ya mwanga, nukta kwa nukta. Vile vioo vizito vya zamani vyenye tumbo nyuma, ambavyo wengi wetu tulivibeba kwa watu wawili, vilifanya kazi kwa njia nyingine kabisa na vilikula umeme mwingi zaidi. Kioo bapa cha inchi 24 kwa kawaida hutumia wati 15 hadi 25.

Kwenye maelezo mtakuta herufi IPS, VA au TN. Hizo ni namna za kuyapanga majimaji hayo. TN ni ya bei rahisi, lakini ukikitazama kioo kutoka upande au kutoka chini, rangi hugeuka. Kwa nyumba ambamo mama amekaa pembeni mwa mtoto akimfuatiliza kisomo, hiyo ni ila kubwa. IPS huonekana vyema kutoka kila upande, nayo ndiyo tunayoipendekeza kwa masomo. VA ina weusi uliokolea zaidi na hupendwa na watazamaji wa filamu. Iko pia OLED, ambayo haina taa ya nyuma kwani kila nukta hujiwakia yenyewe. Ni nzuri, lakini ni ghali, na picha isiyohama kwa muda mrefu huweza kuacha alama ya kudumu.

Vijana watakuambieni kuwa kioo lazima kiwe na hezi 144 au 240. Hezi ni idadi ya mara ambazo picha huhuishwa kwa sekunde moja, na tarakimu hizo kubwa ni kwa ajili ya michezo ya kompyuta. Kwa kusoma na kuandika, hezi 60 zatosha. Ni kheri fedha hizo ziongezwe kwenye nukta.

MACHO NA MAHALI PA KUKAA

Chagueni kioo ambacho uso wake haung'ari kama maji, maana kinachong'ara hugeuka kuwa dirisha la pili na humrudishia msomaji taa ya dari usoni. Kiwekwe ubavuni mwa dirisha, si mbele yake wala nyuma yake. Ukingo wa juu uwe sawa na macho au chini kidogo. Anayevaa miwani ya sehemu mbili akishushe zaidi ili asiinue kidevu. Mguu unaopanda na kushuka una thamani kubwa katika nyumba ambayo babu na mjukuu wanatumia meza moja. Usipokuwepo, ubao imara chini ya kioo utafaa, ila tusigeuze vitabu vya dini kuwa ngazi.

Kila dakika 20, mtoto ainue macho atazame kitu kilicho mbali, kama futi 20, kwa sekunde 20. Watoto wapate pia muda wa kucheza nje mchana, kwani wataalamu wanaona kuwa hilo husaidia kuchelewesha maradhi ya kutoona mbali. Ama miwani inayouzwa kwa madai ya kuzuia mwanga wa buluu, mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2023 hayakuona kuwa inapunguza uchovu wa macho wa watumiaji wa kompyuta kwa muda mfupi uliochunguzwa. Tusiharakie kuinunua. Badala yake, tuitumie haki tuliyo nayo: katika Uingereza, vipimo vya macho vya NHS ni bure kwa watoto walio chini ya miaka 16 na kwa watu wa miaka 60 na zaidi. Mtoto anayekisogelea kila kioo, hata kizuri, apelekwe kupimwa.

MATUNDU NA WAYA

Kabla ya kulipa, tazameni ubavuni mwa kompyuta yenu ni matundu gani yaliyopo. HDMI ndiyo iliyoenea. DisplayPort ipo kwenye kompyuta nyingi za ofisini. VGA ni ya zamani na haimo tena katika vioo vingi vipya. USB-C ni nzuri, maana katika baadhi ya kompyuta waya mmoja hubeba picha na umeme pia. Lakini si kila tundu la USB-C hubeba picha, basi someni maelezo ya kompyuta yenu kwanza. Kumbukeni vilevile kwamba vioo vingi havina kamera, na vingine havina spika. Kama kompyuta ni ya mezani, na mwalimu wa Qur'ani yuko ng'ambo akitaka kuuona mdomo wa mwanafunzi katika matamshi ya makhraji, kamera na kipaza sauti vitahitaji bajeti yake.

KUNUNUA KIPYA

Kwa hapa Uingereza, kioo kipya cha inchi 24 chenye 1920 kwa 1080 aghalabu hupatikana kwa chini ya pauni 150, na hicho chatosha mahitaji ya nyumba nyingi. Mwenye uwezo wa kuongeza, au mwenye mzee nyumbani, atafute cha inchi 27 chenye 2560 kwa 1440. Kile cha inchi 27 chenye 1920 kwa 1080 ndicho kinachowanasa wengi, kwa sababu ni kikubwa na bei yake ni ndogo. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Sheria iko upande wa mnunuzi, lakini yafaa aijue. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015, bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara lazima iwe na ubora wa kuridhisha, ifae kwa kazi yake na ilingane na maelezo. Ikiwa na kasoro, mnazo siku 30 za kuirudisha na kudai fedha zote. Baada ya hapo, mwuzaji ana nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha. Asipofaulu, mwaweza kudai marejesho. Kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6, huchukuliwa kuwa ilikuwepo tangu mwanzo, na ni juu ya mwuzaji kuthibitisha vinginevyo. Mliyenunua kwa njia ya intaneti mnazo siku 14 tangu kupokea mzigo za kuvunja mkataba hata bila ya kutoa sababu. Kwa hivyo, mkishawishiwa kulipia dhamana ya ziada, pimeni kwanza haki ambazo tayari mnazo bure. Na risiti isitupwe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo zito zaidi ni malipo. Siku hizi karibu kila duka humwalika mteja achukue leo alipe baadaye. Kulipa kwa awamu kwa bei inayojulikana tangu mwanzo ni jambo moja. Mkataba unaoongeza riba mtu akichelewa ni jambo jingine, na nyingi ya karatasi hizo zina sharti hilo kwa herufi ndogo. Someni kabla ya kutia saini, na penye shaka waulizeni masheikh. Sisi twaona ni bora mtoto asubiri miezi mitatu mkiweka akiba, au aanze na kilichotumika, kuliko kisomo cha Qur'ani kusimama juu ya deni la riba.

KUNUNUA KILICHOTUMIKA

Kilichotumika si aibu. Maofisi hubadilisha vioo kwa wingi, na vingi vina miaka mirefu mbele yao. Lakini mtu asikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita kwenye lundo la chakula lililokuwa likiuzwa, akaingiza mkono ndani yake, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akajitenga na mwenye kughushi. Kwa mnunuzi, mafunzo ni kwamba kuuingiza mkono ndani ya lundo si utovu wa adabu.

Basi nendeni na kompyuta yenu na waya wenu. Kiwasheni kwa nusu saa, kwani baadhi ya kasoro hujitokeza kioo kikishapata moto. Ijazeni skrini rangi nyeupe tupu, kisha nyeusi, nyekundu, kijani na buluu. Kwenye nyeupe tafuteni nukta zilizokufa na madoa ya giza. Kwenye nyeusi, nukta zisizozimika. Jaribuni kila tundu, na tikiseni mguu kuona kama umelegea. Mkinunua kwa mtu binafsi, fahamuni kuwa zile siku 30 hazipo. Anachowajibika nacho hasa ni kwamba kitu kilingane na alivyokieleza. Mwombeni akieleze kwa maandishi.

Na pale tunapokuwa sisi ndio wauzaji, au watoaji, hukumu ni hiyo hiyo. Wengi wetu hupeleka vioo vya zamani nyumbani kwa ajili ya skuli na madrasa. Ni jambo jema, na kwa umeme hakuna taabu: vioo vingi vimeandikwa volti 100 hadi 240, na plagi ya miguu mitatu mikubwa ya hapa ndiyo inayotumika pia Kenya, Tanzania na Oman. Lakini kile kisichowaka kisipelekwe. Sheria za hapa haziruhusu taka za umeme kusafirishwa kwa jina la bidhaa zilizotumika. Fauka ya hayo, kilichokufa hapa hakitafufuka bandarini. Kitamgharimu aliyepelekewa ushuru, kisha kitaishia jaani. Kipelekeni kwenye kituo cha halmashauri kinachopokea vyombo vya umeme. Sadaka ni kile ambacho mtoto wa Pemba au Lamu ataweza kukisomea.

Tukiyakusanya: pimeni meza, ulizeni nukta, msiishie kwenye inchi, kwa masomo isiwe chini ya nukta 36 kwa sentimita, chagueni IPS isiyong'ara, hakikisheni tundu na kamera, mchukueni mtoto na babu dukani, kila mmoja asome kwa macho yake, lipeni bila ya riba, hifadhini risiti.

Mwezi ujao, Inshaallah, tutazungumzia namna ya kuzipanga saa za kisomo na za skuli katika siku fupi za baridi, wakati Maghrib inapoingia mtoto hajavua hata viatu. Wenye maswali juu ya haya ya leo wayaandike, wamkabidhi mgawaji wa jarida baada ya sala ya Ijumaa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum.